Eksirei Bila Filamu: Kazi Iliyobaki kwa Mgonjwa

Nilisomea kazi ya eksirei Nairobi, katika chuo cha KMTC, enzi za filamu na chumba cha giza. Kisha nikarudi Nyambene nilikozaliwa, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nikaimalizia Maua. Waliosimama mbele ya mashine yangu walikuwa watu wa Igembe na Tigania: vijana walioteleza juu ya miti ya miraa wakaanguka, waendesha bodaboda, akina mama waliobeba kuni na maji hadi migongo ikagoma, wazee wenye kikohozi kisichokoma, watoto waliomeza sarafu. Sasa nimestaafu, ila mjini bado naitwa daktari wa picha, ingawa udaktari sikuusomea. Sipiti sokoni bila mtu kunisimamisha, simu mkononi: "Daktari, hebu niangalizie hii eksirei."

Naangalia. Kwenye simu kuna picha iliyopigwa kutoka skrini ya hospitali, imeinama upande, na mwanga wa taa ya dari umeakisi katikati ya pafu. Jina la mgonjwa limekatwa. Kulia hakujulikani, kushoto hakujulikani. Mwenyewe ameambiwa tu kwamba yuko sawa, au ana shida kidogo kwa mapafu, basi. Ripoti hana, tarehe haikumbuki, na ile picha ya mwaka uliopita anasema ilibaki "kwa kompyuta".

Hapo huona jinsi mambo yalivyogeuka. Mashine za leo zinaona kuliko zile zetu, na sisikitiki hata kidogo kwamba filamu imekwenda. Lakini filamu, pamoja na taabu zake zote, ilikuwa ikimlinda mgonjwa kwa njia ambazo wengi wetu hatukuzitambua mpaka ilipotoweka. Ulinzi huo sasa umeachiwa mgonjwa mwenyewe, na hakuna aliyemwambia.

Nieleze kwanza kazi ilivyokuwa. Filamu ilikaa ndani ya kaseti ya chuma. Mgonjwa akishapigwa picha, kaseti ilipelekwa chumba cha giza ikafunguliwa chini ya taa nyekundu hafifu. Filamu ilichovywa katika tangi la dawa ya kuitokeza picha, ikasuuzwa, ikatiwa katika dawa ya kuiimarisha, ikasuuzwa tena, ndipo ikaanikwa. Harufu ya dawa hizo tulirudi nayo nyumbani kila jioni. Msimu wa mvua, ukungu wa Nyambene unapokaa kutwa nzima, filamu zilichelewa kukauka, na mgonjwa alisubiri kwenye benchi huku mkono uliovunjika ukining'inia katika leso shingoni. Dawa ikizeeka, picha ilitoka ya kijivu, mfupa na nyama havitofautiani.

Mageuzi yalianza mbali na kwetu. Mwaka wa 1983 kampuni ya Fuji ya Japani iliuza mtambo wa kwanza uliotumia sahani maalumu badala ya filamu. Sahani hiyo hukaa ndani ya kaseti vilevile, lakini huihifadhi picha katika kemikali zake hadi isomwe kwa mwale wa leza na kuingizwa katika kompyuta. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 vikaja vibao bapa ambavyo huigeuza miale kuwa ishara za umeme papo hapo, na picha hutokea kwenye skrini kabla mgonjwa hajashuka mezani. Hospitali nyingi za Kenya zilipitia hatua zote mbili kwa zamu. Maua ni mji ulioizoea hospitali: Kanisa la Methodist lilianza kazi ya tiba hapa mwaka wa 1928, na hospitali ya serikali ya Nyambene ipo hapahapa mjini. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilipoanza mpango wa kukodisha vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti, mashine za kidijitali za eksirei zilikuwa miongoni mwa vifaa hivyo. Siku hizi hata kliniki ya orofa ya pili juu ya duka la nguo inaweza kuwa na ya kwake.

Jambo la kwanza ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua ni hili: kilichobadilika ni kile kinachoipokea miale. Miale yenyewe ni ileile aliyoigundua Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Ndani ya mashine, umeme husukuma chembe ndogo kwa nguvu hadi zigonge madini ya tungisteni, na mgongano huo huzaa miale inayopenya mwili. Mfupa wenye kalsiamu huizuia, hivyo huonekana mweupe. Pafu lenye hewa huipitisha, hivyo huonekana jeusi. Nimewasikia wengi wakisema kwamba eksirei ya kidijitali "haina mionzi, ni kompyuta tu". Ina mionzi. Thomas Edison aliacha majaribio yake ya eksirei baada ya msaidizi wake, Clarence Dally, kuungua mikono vibaya. Dally alikatwa mikono na akafariki mwaka wa 1904. Kipimo alichokipata yeye kwa kazi ya kila siku hakifanani hata kidogo na cha picha moja ya leo, lakini miale ni ya ukoo uleule, na inastahili heshima ileile.

Sasa nirudi kwenye ulinzi wa filamu. Naona ulikuwa wa namna tatu.

Wa kwanza ulikuwa gharama. Filamu ilinunuliwa, na ilikuwa na madini ya fedha ndani yake. Boksi likikaribia kuisha, tuliwauliza madaktari: je, picha hii itabadilisha matibabu? Swali hilo lilizaliwa na umaskini wa stoo, lakini ndilo swali sahihi la kitabibu. Siku hizi picha ya ziada haimgharimu mpigaji chochote ila kubofya. Akina mama wenye maumivu ya mgongo huja wakidai wapigwe picha, na hupigwa. Wapo wanaosema, "Nipige mwili wote, nijue moja." Hakuna eksirei ya kawaida ya mwili wote inayomwambia mtu kila ugonjwa alio nao. Na maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na mishipa, ambayo eksirei haiionyeshi vyema. Kama hakuna ajali, homa, kupungua uzito, ganzi wala udhaifu wa miguu, mara nyingi picha haiongezi lolote wiki za mwanzo.

Tupime kwa tarakimu. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, wastani wa takriban milisivati 2.4 kwa mwaka duniani. Eksirei moja ya kifua kwa kawaida haizidi milisivati 0.1, kiasi ambacho asili hutupatia kwa karibu nusu mwezi. Eksirei ya kiuno na mgongo wa chini hufika kama milisivati 1.5, yaani miezi kadhaa ya mionzi ya asili. Uchunguzi wa tumbo kwa mashine ya CT unaweza kufika milisivati 8 au zaidi, na hiyo ni miaka. Kwa hiyo mtu asiikimbie eksirei ya kifua akiihitaji, wala asiombe ya mgongo kama anavyoomba panado. Muulize aliyeiandika: unatafuta nini, na ukikipata au ukikikosa, dawa itabadilika? Daktari anayejua kazi yake hatachukia swali hilo.

Ulinzi wa pili ulikuwa weusi. Mpigaji akizidisha miale, filamu ilitoka nyeusi tititi, haisomeki, na mkuu wa idara aliiona. Kosa halikufichika. Kompyuta imeondoa aibu hiyo. Miale ikipungua sana, picha huwa na chengachenga na daktari hulalamika. Ikizidi, programu husawazisha mwanga, na picha hutoka nzuri ajabu. Matokeo yake ni kwamba mpigaji huvutwa polepole kuongeza kipimo, kwa maana hakuna anayemlaumu kwa picha nzuri. Wenzangu duniani kote wameliandika tatizo hili. Mashine nzuri huonyesha namba inayomjulisha mpigaji kama amezidisha, lakini namba hiyo hufaa kwa anayeitazama tu. Ndiyo maana eksirei ya kidijitali inaweza kutumia mionzi michache kuliko filamu, na inaweza pia kutumia mingi zaidi. Inategemea mikono.

Vivyo hivyo kurudia picha. Zamani kila picha iliyoharibika ilibaki kwenye ndoo ya taka, ikahesabiwa. Sasa hufutwa. Ukiambiwa usimame tena, una haki ya kuuliza kwa upole, "Ile ya kwanza ilikuwa na nini?" Pengine ulitikisika, au hukuvuta pumzi ya kutosha, na ukielezwa utafanya vyema mara ya pili.

Mgonjwa hawezi kusoma namba za mashine, lakini anaweza kuuliza kuhusu leseni. Kenya ilikuwa na sheria ya kujikinga na mionzi tangu 1982. Mwaka wa 2019 ikaja sheria mpya iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa mashine za eksirei, na mpigaji naye anatakiwa awe amehitimu na kuidhinishwa. Kabla hujaingia, tazama ukutani: cheti kiko wapi, ni cha mwaka gani? Tazama mlango: una alama ya manjano ya mionzi na taa nyekundu ya kuwazuia watu? Chumba kisicho na hivyo vyote, kiwe na mashine mpya kiasi gani, kikupe shaka.

Ulinzi wa tatu ulikuwa bahasha ya kaki. Filamu ilikuwa kitu cha kushika. Mzee wa Kangeta alikuja na bahasha yake, ndani mna picha za miaka, amezilaza chini ya godoro zisikunjike. Ukizipanga juu ya sanduku la taa, uliuona ugonjwa ukitembea: doa hili lilikuwepo tangu zamani, hili ni jipya. Kulinganisha picha mpya na za zamani ni nusu ya kazi ya kusoma eksirei. Kovu la kifua kikuu kilichopona miaka iliyopita linaweza kufanana na ugonjwa mpya, na mtu asiye na picha ya zamani anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji au kupelekwa vipimo visivyohitajika.

Leo bahasha hakuna. Picha iko kwenye kompyuta ya hospitali, na kompyuta ya hospitali moja haizungumzi na ya nyingine. Mashine huharibika, kampuni za programu hubadilishwa, na picha za nyuma hupotea zote kwa pamoja. Familia moja ninayoijua ilimpeleka baba yao Meru mjini, kama kilomita 50 kutoka Maua, akapigwe upya picha aliyokuwa amepigwa majuzi katika kliniki binafsi, kwa sababu tu hakuna aliyeomba nakala alipotoka. Walilipa mara mbili, na mzee akapata mionzi mara mbili.

Kwa hiyo omba nakala yako kabla hujaondoka. Ipo ya CD, na hospitali nyingine hutuma kiungo cha kufungulia picha kwenye simu au kuichapisha kwenye filamu kavu. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi ya kawaida ni ya kukuonyesha wewe. Daktari hawezi kuitegemea kuamua, kwa sababu vivuli hafifu hupotea. Ya WhatsApp ndiyo duni kabisa. Faili kamili ya kifua inaweza kuzidi megabaiti kumi, na simu huibana hadi ibaki sehemu ndogo tu. Ufa mwembamba wa mfupa hautavuka hapo. Ukilazimika kutumia simu, basi tuma pamoja na ripoti iliyoandikwa, jina, tarehe na upande.

Na uchunge unayemtumia. Nimeona kifua cha mtu kikizungushwa katika kundi la ukoo, jina kamili juu, shangazi na binamu wakitoa maoni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na inakupa haki ya kuzipata zilizo zako. Haki hiyo ni ya kwako wewe, si ya mfanyakazi wa hospitali anayepiga skrini kwa simu yake binafsi. Ukimwona akifanya hivyo, mwulize anaipeleka wapi.

Yapo pia mambo ya chumbani ambayo hayakubadilika kwa ujio wa kompyuta, na hapo ndipo nilipopata vituko vingi. Chochote kigumu kilicho njiani mwa miale huingia kwenye picha: vifungo, waya wa sidiria, mkufu, shanga, hirizi, simu, sarafu. Hata fulana yenye maandishi mazito ya mpira kifuani inaweza kutia kivuli. Kinachowashangaza wengi ni nywele. Misuko minene ikiangukia mabegani hutokeza michirizi juu kabisa ya mapafu, mahali palepale ambapo kifua kikuu hupenda kujificha. Mama akiambiwa azifunge nywele juu asidhani anasumbuliwa. Nakumbuka kijana mmoja aliyepigwa ngumi ya taya. Alivua saa, akatoa simu na pochi, ila akakataa kutema takasini, lile donge la miraa iliyotafunwa, shavuni, akidai ndiyo kwanza imekolea. "Daktari, hii si chuma," alinijibu. Si chuma kweli, lakini shavu lililojaa linatia kivuli chake, na mdomo unaotafuna haukai tuli. Aliitema kwa masikitiko makubwa.

Kukaa tuli ndiyo sala ya chumba cha eksirei. Tunaposema "vuta pumzi, shikilia", tunataka mapafu yajae hewa ili yaonekane hadi chini. Pumzi nusu huufanya moyo uonekane mkubwa na mapafu yaonekane machafu, na mtu akaanza kutibiwa ugonjwa wa picha. Mzee asiyesikia vizuri, au cucu anayejua Kimeru tu, aje na mtu wa kumfasiria, na amri izoewe kabla ya kupiga. Mtoto hushikwa na mzazi aliyevaa aproni ya risasi, na huyo mzazi asiwe mama mjamzito.

Hapo kwenye ujauzito natamani nisikike. Mwanamke akijua au akishuku ana mimba, aseme kabla, hata kama amekuja na mama mkwe na anaona haya. Mwite mpigaji pembeni. Wakati mwingine tutaahirisha; wakati mwingine, kama maisha yake yamo hatarini, tutapiga kwa uangalifu, maana mama akifa mtoto hana pa kuishi. Na aliyepigwa eksirei ya kifua au ya mkono kabla ya kujua kuwa ni mjamzito, asiingiwe na kiwewe. Kiasi kinachomfikia mtoto tumboni katika picha kama hizo ni kidogo mno, na si sababu ya kuitoa mimba. Nimewatuliza wasichana waliokuwa wameshatishwa na majirani.

Wengine hukasirika wasipofunikwa aproni. Sisi tulifundishwa kumfunika karibu kila mtu viungo vya uzazi. Mwaka wa 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi hiyo ya kumfunika kila mgonjwa iachwe, kwa sababu faida yake ni ndogo na aproni inaweza kuziba sehemu inayotafutwa, picha ikarudiwa. Kinachokulinda zaidi ni mpigaji kubana miale iangukie sehemu inayohitajika tu. Ukiwa na wasiwasi, uliza. Asiyekufunika si lazima awe mzembe.

Kisha hakikisha jina. Huku kwetu akina Mwenda, Kinoti, Karimi na Gakii ni wengi, na kompyuta humleta yule aliyebofywa. Zamani tuliweka herufi ya risasi, ya kulia au kushoto, juu ya kaseti. Siku hizi herufi inaweza kuongezwa baadaye, na picha ikageuzwa kwa kidole kimoja. Kabla hujatoka, omba uonyeshwe skrini: ni jina langu, umri wangu, tarehe ya leo, mguu wangu wa kulia? Hili halichukui hata dakika, na si kumtilia mtu shaka.

Baada ya picha huja kosa linalotugharimu kuliko yote, nalo ni kuondoka bila ripoti. Mpigaji picha hupiga. Anayesoma kwa mamlaka ni radiolojisti, daktari aliyebobea katika picha. Hao ni wachache nchini na wengi wao wako miji mikubwa. Hapa ndipo udijitali umetufaa kwelikweli: picha iliyopigwa Maua asubuhi inaweza kusomwa na mtaalamu aliye Nairobi, na jibu likarudi. Filamu isingeweza kusafiri hivyo, labda iwekwe kwenye gari la miraa. Lakini jibu likirudi na mgonjwa ameshaenda Mutuati, ni nani atamtafuta? Acha namba ya simu inayopatikana, uliza ripoti itatoka lini, na urudi kuichukua.

Na picha safi isikulaghai. Kijana wa bodaboda aliteleza kwenye matope, akajikinga kwa kiganja. Picha ya siku hiyo haikuonyesha kitu, akaambiwa mahali fulani kwamba ni mshtuko tu, akarudi barabarani. Maumivu hayakuondoka, hasa palipo na kishimo kidogo chini ya kidole gumba. Picha ilipopigwa tena baada ya wiki mbili, ufa ulikuwa wazi. Kifupa hicho cha kifundo cha mkono, skafoidi, kina tabia hiyo: ufa wake unaweza usionekane siku za mwanzo, na ukipuuzwa, damu hukosa kukifikia, kipande kikafa. Hakuna mashine, ya filamu wala ya kidijitali, iliyolimaliza tatizo hilo. Kiganja kikiendelea kuuma, rudi, na uache usukani hadi kiangaliwe tena.

Upande wa pili wa mizani kuna watu wasio na maumivu yoyote ambao eksirei ingewaokoa. Utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu, uliokamilika mwaka wa 2016, ulikuta watu wazima 558 wenye ugonjwa katika kila 100,000, na ukaonyesha kwamba kumtafuta mgonjwa kwa kuuliza tu habari ya kikohozi cha wiki mbili huwaacha wengi nje; eksirei ya kifua iliwanasa ambao hawakulalamika. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mashine ndogo za kubebeka zenye programu hizo zimeanza kutumika nchini. Programu haisemi una kifua kikuu. Hutoa alama ya kuonyesha kama unahitaji kupimwa makohozi. Ukiitwa kwa upimaji wa aina hiyo sokoni au kanisani, nenda. Na ukiambiwa upime makohozi, usisikie hukumu. Kipimo cha makohozi ndicho kitakachoamua.

Neno la fedha ni fupi. Tangu Oktoba 2024 SHA, bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na kinacholipwa hutegemea hospitali na aina ya picha. Uliza bei kwenye dirisha la malipo kabla ya kupigwa, na uulize kama bei hiyo ina ripoti na nakala ndani yake. Ukisikia nakala ni ya ziada, ilipie, hata kama unabana matumizi. Ni nafuu kuliko eksirei ya pili.

Sitaki filamu irudi. Namtaka mgonjwa aliyekuwa akija na bahasha yake chini ya kwapa, anayejua alichokuja kutafuta na alichoondoka nacho. Wenzangu mlio bado kazini katika hospitali na kliniki za Meru: bandikeni mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, maneno machache ya kumwambia mgonjwa aseme kama ni mjamzito, aje na picha za zamani, ahakikishe jina na upande, achukue nakala na arudi kuchukua ripoti. Karatasi moja na gundi vinatosha. Nawe msomaji, usingoje kibao. Picha hiyo ni ya mwili wako. Iombe, usomewe, uitunze.